Walezi wa Pikapu

Kaka yangu alipopata nafasi ya masomo Dodoma, pikapu yake, Toyota Hilux ya dizeli ya siku nyingi, aliiacha nyumbani kwa mama, Manundu, mjini Korogwe, chini ya mwembe. Ufunguo alimkabidhi baba mdogo mbele ya watu wote wa nyumba, na agizo likawa moja: "Baba mdogo, naomba uiwashe kila asubuhi, betri isije ikafa." Baba mdogo akaupokea ufunguo kwa mikono miwili.

Kadi ya pikapu ile ina jina la kaka, lakini gari ni la ukoo mzima. Ndiyo inayoleta mahindi ya mama kutoka shamba la Sindeni. Ndiyo iliyompeleka bibi hospitali mara yake ya mwisho. Msimu wa machungwa ukifika, hupanda na kushuka kati ya Handeni na Korogwe mpaka chesesi inalalamika. Kuachiwa kuitunza ni kuachiwa amana, na kila mtu katika nyumba ile aliichukulia hivyo. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nyumbani kwetu manahodha walikuwa watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mzembe.

Nianze na baba mdogo. Ujana wake aliumaliza akiendesha trekta katika mashamba ya mkonge ya Ngombezi, na mpaka leo akisikia injini inapita barabarani hukuambia ina tatizo gani kabla haijakata kona. Alipokabidhiwa pikapu alijiwekea utaratibu. Akitoka msikitini alfajiri hafiki hata barazani. Huenda moja kwa moja mwembeni. Anafungua boneti, anachomoa kijiti cha oili, anakifuta kwa kipande cha kanga kuukuu alichokitenga kwa kazi hiyo tu, anakitumbukiza tena, anakitazama kwa tochi ya simu. Kisha anaingia, anasubiri taa ya njano ya koili izime, anapiga stata. Injini inakohoa moshi mweupe, inatulia, inaunguruma hapo hapo iliposimama mpaka chai ichemke. Chai ikichemka anaizima, anashuka, anaubamiza mlango kwa nguvu zote, maana mlango wa dereva uliwahi kugongwa na usipobamizwa haushiki.

Mimi nafundisha fizikia Handeni, na kila nilipokwenda Korogwe kumsalimia mama nilikuta shughuli hiyo ikiendelea. Jambo hili nataka lieleweke sawasawa, kwa sababu agizo alilopewa baba mdogo hutolewa katika nyumba nyingi, na watu wazima wenye heshima zao hulitii kwa moyo mweupe huku betri ikiwafia mikononi.

Betri ya gari, ya risasi na asidi, ni uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859, na kanuni yake haijabadilika. Ndani mna vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na kidogo. Betri nzima ikijaa na kupumzika husoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka mpaka 12.0 imebaki robo au chini ya hapo, ingawa redio bado inaimba na taa zinawaka, ndiyo maana mwenye gari hudanganyika. Kila moto unapotoka, sahani za risasi zilizomo ndani hupakwa chembe za salfeti. Betri ikichajiwa mapema, chembe hizo huyeyuka na kurudi kwenye asidi. Zikiachwa wiki kwa wiki hukua, hukomaa, huwa fuwele ngumu zisizorudi tena, na sehemu hiyo ya sahani ndiyo basi. Kwa hiyo gari kulala si tatizo. Tatizo ni kulala likiwa na betri isiyojaa.

Sasa tazama kile kipindi cha chai. Injini ya dizeli ikiwa baridi huanza kwa kupasha koili, nazo hula makumi ya ampea. Inafuata stata, ambayo kwa zile sekunde chache huvuta ampea zaidi ya mia. Gari likiunguruma bila kukanyagwa mafuta, altaneta haitoi nguvu zake zote. Dakika tano au kumi za hivyo hurudisha kile kilichotumika kuwashia, pengine na chenji kidogo. Haziijazi betri, kwa sababu ile sehemu ya mwisho, kutoka robo tatu mpaka kujaa, huingia taratibu mno, kwa saa nyingi, hata altaneta iwe nzima kiasi gani. Wakati huo huo betri hujila yenyewe. Katika joto la nyuzi 25 hupoteza kama asilimia 3 mpaka 5 kwa mwezi, na kila joto linapopanda nyuzi 10 upotevu huo hukaribia kuwa mara mbili. Korogwe iko chini, joto limejaa, na chini ya boneti ni zaidi. Ndugu zetu wa Lushoto, walio juu yetu kwa zaidi ya mita elfu moja, betri zao hulala vizuri kuliko zetu. Ukiongeza saa ya kwenye dashibodi na kengele ya wizi, ambazo hazilali usiku wala mchana, unapata betri inayokaa miezi mizima bila kujaa hata mara moja. Na injini nayo haifaidiki, kwa kuwa haifikii joto la kukausha unyevu ulioingia kwenye oili na kwenye bomba la moshi.

Hayo nilimwambia baba mdogo, kwa adabu, mara ya kwanza nilipomkuta mwembeni. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "hilo la darasani nimelisikia. Lakini kaka yako kasema niwashe." Neno la aliyekuachia amana lina uzito wake, na mimi sikuwa na la kumjibu.

Mlezi wa pili alikuwa mtoto wa kaka yetu mkubwa, kijana wa kidato cha tatu. Huyu alijipa kazi ya usafi. Alifuta vumbi, alitoa majani ya mwembe kwenye mifereji ya kioo, alipaka matairi maji ya sabuni. Malipo yake yalikuwa redio. Umeme ukikatika Manundu siku ya mechi ya Simba na Yanga, yeye na wenzake walijazana ndani ya pikapu, ufunguo umezungushwa nusu, simu tatu zimechomekwa kwenye tundu la kiberiti zikichajiwa. Baba mdogo alijua na aliruhusu, kwa kuwa kesho yake alfajiri angewasha na mambo yangerudi sawa.

Mlezi wa tatu ni mama. Utomvu wa mwembe unakula rangi, na popo wa usiku wana uchafu wao. Mama alinunua turubai la buluu gulioni, na kila jioni baada ya kufungia kuku aliifunika pikapu kuanzia boneti mpaka mwisho wa kabini, akalikaza turubai kwa kamba ya katani. Asubuhi baba mdogo hufungua upande mmoja tu, wa dereva, afanye kazi yake, kisha hurudisha.

Hali hiyo ingeweza kwenda miezi mingine mingi, betri ikidhoofika polepole bila mtu kushtuka. Lakini mwezi wa saba wifi yangu, mke wa kaka, alijifungua, akaja kukaa arobaini kwa mama mkwe wake. Chumba alichopewa dirisha lake linatazama mwembe.

Asubuhi ya kwanza mlango wa pikapu ulipobamizwa, mtoto aliruka, akalia mpaka jua likatoka. Wifi hakusema neno. Hakukuwa na haja. Baba mdogo ndiye aliyekuja dirishani, akasimama kwa mbali, akaomba radhi kwa mtoto mchanga kwa jina lake kamili. Tangu siku hiyo akabadilisha mtindo. Akishuka, anaweka nyonga kwenye mlango na kuusukuma kidogo kidogo mpaka asikie kile kidoko cha kwanza, basi, anaondoka kwa kunyata. Mama alinisimulia kwa simu, amefurahi, jinsi shemeji yake anavyomjali mjukuu.

Kidoko cha kwanza hakitoshi kuminya swichi ya mlangoni. Taa ya ndani, ile ndogo ya darini, ikabaki inawaka. Mchana jua la Korogwe halikuruhusu mtu kuiona, na usiku ilikuwa chini ya turubai la mama. Ni balbu ya wati 5 hivi. Kwa volti 12 hiyo ni ampea 0.4, kitu kidogo; lakini saa 24 zikitimia ni karibu ampea-saa 10. Betri ya N70, ikiwa mpya na imejaa, ina ampea-saa 70. Ile ya kwetu haikuwa mpya, na kujaa ilikuwa imeshasahau. Balbu iliyoachwa kwa mapenzi ya mtoto ilihitaji siku chache tu.

Stata ikaanza kuwa nzito. Baba mdogo alisema ni kipupwe, oili imeganda, akaongeza muda wa kuungurumisha. Siku zilizofuata ikawa nzito zaidi. Na kwa kuwa Jumamosi ile ilikuwa harusi ya mtoto wa shangazi, Handeni, akaamua jambo la busara kwa mtazamo wake: asiisumbue tena, aiache ipumzike siku mbili ipate nguvu za safari.

Ijumaa jioni nilishuka kutoka Handeni kwa Noah ili tuongozane. Alfajiri uwanja wa mama ulikuwa umejaa. Upande wetu ulikuwa umeahidi masufuria makubwa ya pilau, majamvi, mbuzi wawili na mchele, na vyote vilipakiwa kabla hata turubai halijatolewa kabini. Kina mama walikuwa wamevaa sare, kanga mpya bado zina ukakasi wa dukani. Mbuzi mmoja alikuwa ameshaanza kutafuna jamvi. Mama akafungua kamba, akavuta turubai, na katika lile giza la alfajiri sote tuliokuwa karibu tuliona taa ya kabini ikitoa wekundu hafifu, kama kaa linalokaribia kuzimika.

Baba mdogo aliitazama muda mrefu. Akaufungua mlango, akaufunga kwa taratibu ile ile ya kila siku, akatazama tena. Kisha akaingia, akazungusha ufunguo. Tk, tk. Halafu hata hiyo tk haikuja tena.

Wanaume wakavua kofia, wakajipanga nyuma. Manundu ina mteremko unaotosha, na pikapu ina gia za mkono, kwa hiyo kila mtu aliamini kazi ni ndogo: gia ya pili, achia klachi, itashtuka. Ikasukumwa pamoja na mbuzi na masufuria yake. Baba mdogo akaachia klachi, matairi yakakwaruza vumbi, injini ikazunguka kwa kulazimishwa, isiwake. Ikarudishwa juu kwa kamba ya katani, ikasukumwa tena, hali ikawa ile ile. Kanzu ya mjomba mmoja ilipata oili kuanzia kifuani mpaka gotini.

Hapa kuna jambo ambalo madereva wengi wa dizeli hulijua baada ya kuchoka. Watu husema dizeli haihitaji plagi, ikizunguka inawaka. Ni kweli, ila pampu ya mafuta katika injini hizi ina kizibo kidogo kinachofunguliwa kwa umeme, na ndicho hicho kinachokata mafuta unapozima ufunguo. Betri ikidhoofika kiasi tu, moto wa kukifungua bado upo, na kusukuma kunasaidia. Ikifa kabisa, kizibo hakifunguki, na unaweza kulisukuma gari mpaka Segera bila tone la mafuta kufika kwenye injini.

Nyumba ya pili Fuso lilikuwa linashusha tofali. Dereva wake, kijana mwema, alikuja mbio na waya za kuboostia. Mtoto wa kaka akazidaka, akafungua boneti, koleo moja tayari liko mkononi linakwenda kwenye kichwa cha betri. Ndipo nikamsikia baba mdogo akipaza sauti kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Acha! Hilo ni la volti 24!"

Kijana akaganda. Baba mdogo alishuka na kuwaeleza wote wawili, pale pale, bila kumdhalilisha mtu. Lori la namna ile lina betri mbili zimeunganishwa kwa kufuatana. Ukichukua moto kwenye ncha zake mbili na kuupeleka kwenye gari la volti 12 unaweza kuunguza altaneta, redio, balbu, hata kuipasua betri yenyewe. Fundi anayejua huweza kuchukua kwenye betri moja tu kati ya zile mbili. "Lakini leo kuna watu wengi na haraka nyingi," akasema. "Tusubiri gari dogo." Alichokijua mzee yule hakikuwa cha darasani, na asubuhi ile kiliokoa zaidi ya pikapu.

Gari dogo likapatikana, la jirani mwenye teksi. Waya zikafungwa kwa utaratibu alioutaka baba mdogo: chanya kwa chanya, kisha hasi ya gari zima, na koleo la mwisho si kwenye betri iliyokufa bali kwenye chuma cha injini, mbali kidogo. Sababu yake ni hewa ya haidrojeni inayotoka kwenye betri. Cheche moja juu ya matundu yake inatosha kuilipua usoni. Teksi ikaachwa inaunguruma kwa muda, betri yetu ivute kidogo, ndipo stata ikapigwa. Injini ikashika. Kina mama wakapiga vigelegele, mtoto akaamka akalia, na safari hii hakuna aliyeomba radhi.

Kutoka Korogwe mpaka Handeni ni kilomita 65, siku hizi lami tupu. Baba mdogo aliendesha bila redio na bila kusimama, Sindeni tukapita, Misima tukapita, na moyoni nilijipa matumaini kwamba mwendo huo ungeirudishia betri uhai. Tulipofika kwa shangazi akaiacha injini inawaka, akasimamia ushushaji wa masufuria. Alipogeuka kwenda kusalimia wazee, mkwe mmoja mwenye huruma aliona mafuta ya watu yanateketea bure. Akaingia ndani, akaizima.

Haikuwaka tena. Ndipo nilipojua kwamba tatizo letu halikuwa ile balbu peke yake. Betri iliyoishiwa moto usiku mmoja, ikiwa nzima, mwendo wa zaidi ya saa moja ungeipa nguvu ya kuwasha tena. Hii ilikuwa imeshakomaa fuwele kwa miezi ya kutojaa. Altaneta iliipa moto njia nzima, nayo ikapokea kiasi kidogo mno.

Harusi ilifana, na sitaieleza hapa. Usiku watu wakarudi Korogwe kwa magari mengine. Baba mdogo alikataa. Alisema hawezi kurudi kwa mama bila amana aliyopewa. Akaja kulala kwangu, na betri tukaileta kwa bajaji, imekaa wima katikati ya miguu yake.

Nilitaka kuiweka jikoni, kwenye sakafu. Baba mdogo akaomba ubao kwanza. "Betri haikai kwenye saruji, inanyonywa." Vijana wa leo huicheka imani hiyo, na wanaoicheka hawajui ilikotoka. Betri za zamani zilikuwa na maboksi ya mbao au ya mpira mgumu, na asidi iliyovuja ikichanganyika na unyevu wa sakafu ilitengeneza njia ya umeme kupenya. Maboksi ya leo ni ya plastiki, na saruji haiyafanyi kitu. Hata hivyo njia ile ile ya umeme bado ipo mahali pengine, juu ya betri yenyewe, pale vumbi na ukungu wa asidi vinapofanya utando kati ya chanya na hasi. Kwa hiyo nilimletea ubao, na pamoja na ubao nikamletea magadi ya kupikia maharage, nimeyakoroga kwenye maji ya uvuguvugu.

Tuliziba matundu, tukamimina kidogo kidogo kwenye vichwa vya betri. Ule ukungu mweupe unaoelekea kijani, uliokuwa umefunika kichwa cha chanya mpaka koleo lake halionekani, ukaanza kuchemka kwa povu na kutoa sauti ya mafuta kwenye kikaango. Povu likapanda, likaisha, tukamimina tena. Baba mdogo akasugua kwa mswaki wa zamani mpaka risasi ikatoka nyeupe, akaikausha kwa kile kipande chake cha kanga, ambacho kumbe alisafiri nacho mfukoni.

Fundi umeme wa mtaani kwetu akaja na chaja na kile kipimo cha asidi chenye mpira wa kufyonza. Nilizima jiko la mkaa, nikafungua madirisha yote. Vyumba vitatu vilikuwa vimekauka mpaka sahani zinaonekana. Tukaongeza maji ya betri, yale yaliyochujwa chumvi, si asidi. Maji ndiyo hupungua, asidi hubaki, na anayeongeza asidi huunguza sahani. Chaja ikawekwa chini, ampea chache tu, kwa saa nyingi, maana betri iliyodumaa ikipewa moto mwingi kwa haraka inachemka tu bila kupokea. Baba mdogo hakulala. Kila nilipoamka nilimkuta kwenye kigoda, mikono magotini.

Asubuhi fundi alipima. Vyumba vitano vilikuwa vimepanda mpaka 1.25, kiasi kizuri kwa nchi ya joto. Cha sita kilibaki 1.12. Tukasubiri, tukapima tena, hakikusogea. Betri yenye chumba kimoja kilichokufa imekufa yote.

"Niliiwasha kila siku," baba mdogo akasema.

"Uliiwasha, baba mdogo," nikamjibu. "Kila siku. Agizo ndilo lilikuwa pungufu."

Jirani mmoja alijitokeza kuinunua kama chuma chakavu, kwa kilo, na akataka kuimwaga asidi kwanza kwenye mtaro ulioko nyuma ya nyumba ili kusafirisha kuwe rahisi. Tulimkatalia, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa jambo hili linaniuma. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Mama mmoja aliyeajiriwa pale, Phyllis Omido, aligundua mtoto wake mchanga ana sumu ya risasi mwilini. Akapigana mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Watoto wa mtaa ule waliumia kwa betri za magari ya watu wasiowajua. Betri inayokufa kabla ya wakati wake haiishii kwenye mfuko wa mwenye gari. Risasi yake inakwenda mahali, na mahali hapo pana watu. Ya kwetu tuliipeleka ikiwa na asidi yake dukani tulikonunua mpya, wakaipokea na kutupunguzia bei.

Pikapu ilirudi Manundu na baba mdogo kwenye usukani. Nilikwenda naye, kwa sababu kulikuwa na mazungumzo ya kufanya na mama pamoja na yule kijana, na sikutaka yafanyike kwa simu. Hatukumnyang'anya mzee asubuhi yake. Bado anatoka msikitini na kwenda mwembeni, bado anafuta kijiti cha oili. Lakini injini haiguswi. Gari likijulikana litalala zaidi ya wiki mbili, anachukua spana namba kumi, inayoning'inia kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni, anafungua kichwa cha hasi na kukifunika kwa kitambaa. Ni hasi kwanza kila mara, ili spana ikigusa bodi pasiruke cheche. Wakati wa kurudisha, hasi ndiyo ya mwisho. Mtoto wa kaka amenunuliwa redio ya betri ndogo. Turubai la mama limebaki, ila kabla halijafunikwa mtu huchungulia darini.

Kila Ijumaa baada ya sala baba mdogo huweka mita kwenye vichwa viwili vya betri na kuandika kwenye daftari la mistari: tarehe, saa, volti. Ikisoma 12.4 haisubiriwi ishuke. Aidha inachajiwa kwa chaja usiku kucha, au pikapu inapelekwa Mombo na kurudi, mwendo wa kweli, injini ipate moto wa kutosha. Siku hizo wifi hubeba mtoto na kukaa mbele, na mama hutuma mboga kwa jamaa zake wa njiani.

Kaka hupiga simu kutoka Dodoma mwisho wa wiki. Mara ya kwanza baada ya mabadiliko haya nilikuwepo, simu imewekwa sauti ya juu.

"Shikamoo, baba mdogo. Pikapu inawaka?"

"Marahaba. Ina 12.6."

"Sawa, lakini inawaka?"

"Nimekwambia ina 12.6. Wiki iliyopita pia 12.6. Unataka nikusomee na ya wiki ya juzi?"

Kaka alinyamaza kidogo, kisha akaomba asomewe. Baba mdogo akavaa miwani.

Kilichobaki ni paneli ndogo ya sola, ya wati 10, yenye kidhibiti chake, itakayotosha kulipa kile saa na kengele zinachokula hata mtu asipofungua hasi. Tumebishana mahali pa kuiweka, kwa kuwa betri inataka kivuli na paneli inataka jua, na mama amekataa kata kata tawi la mwembe likatwe. Itakaa juu ya bati la jiko, na waya wa kufika mpaka kwenye boneti umeshanunuliwa.